Shajara ya mradi: farumi na hitilafu za pikapu kuukuu kwenye theluji

Gari ni pikapu ya dizeli ya zamani, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Gia ni za mkono, springi za nyuma ni za majani, breki ni disiki mbele na dramu nyuma. Barabara ikiwa kavu haina neno. Theluji ikianguka nyuma inakuwa nyepesi mno: kwenye mwinuko mdogo tairi zinazunguka bure, na ukiachia mafuta ghafla kwenye kona mkia unataka kutangulia. Shajara hii inafuata kazi ya kuiwekea farumi, yaani uzito wa kukandamiza ekseli ya nyuma, pamoja na hitilafu zilizojitokeza njiani. Palipokwenda sawa nimepita haraka. Palipogoma nimekaa, maana anayetaka kuiga kazi hii huenda akakwama hapohapo.

3 Novemba: Mizani kwanza

Kabla ya kupakia hata kilo moja nilipeleka gari kwenye mizani ya malori, tangi limejaa, dereva yuko nje. Gari zima: kilo 1,560. Magurudumu ya mbele peke yake: 920. Ya nyuma: 640. Kwa hiyo ekseli inayosukuma gari inabeba asilimia 41 tu ya uzito wote.

Hesabu ndogo inaonyesha tatizo. Kwenye theluji iliyoshindiliwa, mshiko wa tairi ya kawaida ni kama 0.2 ya uzito ulio juu yake, wakati lami kavu hufika 0.7 au zaidi. Kilo 640 mara 0.2 ni msukumo wa kilo 128. Ili kupanda mwinuko wa asilimia 8, gari la kilo 1,560 linahitaji msukumo wa kilo 125. Hapo limefika mwisho wake. Mlima ukiongezeka kidogo tu, tairi zinachimba.

Sasa tuseme nimeongeza kilo 170 juu ya ekseli ya nyuma. Msukumo unafika kilo 160 hivi, lakini gari nalo limekuwa zito, kwa hiyo mwinuko linaoweza kuupanda unatoka asilimia 8 kidogo hadi 9 kidogo. Nikiacha farumi kabisa na kuweka tairi zenye mshiko wa 0.3, mwinuko unafika asilimia 12. Ndiyo maana nilianza na tairi: nne za msimu wa baridi, mbele na nyuma. Ukiweka mbili tu nyuma, gari litaondoka vizuri na kukataa kukata kona. Angalia pia tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 3512 ni wiki ya 35 ya mwaka 2012, na tairi ya umri huo imeshakuwa ngumu hata kama meno yake bado marefu.

Hesabu haikunifanya niiache farumi. Inafanya kazi nyingine ambayo haionekani hapo juu: inatuliza mkia. Lakini aliye na uwezo wa kufanya kitu kimoja tu mwaka huu, afanye tairi.

Mengine niliyokagua kabla ya kupakia: kibandiko cha mlangoni kinachotaja uzito wa juu wa ekseli ya nyuma (tuko mbali nao), majani ya springi (hakuna lililopasuka), na nafasi kati ya ekseli na raba ya kuzuia kugonga chasisi.

8 Novemba: Mifuko mkiani, jaribio lililofeli

Mifuko sita ya mchanga, kilo 25 kila mmoja. Tuliipanga nyuma kabisa ikiegemea mlango wa bodi. Kupakia ni rahisi hapo, na watu wengi wanaamini kwamba uzito ukiwa mbali nyuma ndipo unapokandamiza zaidi.

Mizani iliwaunga mkono kwa upande mmoja. Nyuma ilipanda hadi kilo 830, asilimia 48.5 ya gari zima. Lakini mbele ilishuka kutoka 920 hadi 880. Mifuko ilikaa wastani wa mita 0.8 nyuma ya ekseli, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3.0. Zidisha 150 kwa 0.8, gawa kwa 3.0, unapata kilo 40 zilizonyanyuliwa kutoka kwenye magurudumu yanayokata kona.

Uwanjani, kwenye theluji tupu isiyo na gari lingine, tofauti ilionekana mara moja. Kuondoka kulikuwa kuzuri sana. Kwenye kona, kwa kilomita 25 kwa saa, usukani ulilegea mkononi na gari likaendelea mbele kana kwamba sikuugeuza. Nilipopunguza mafuta mbele ikashika, na hapohapo mkia ukatoka. Zamani mkia ulikuwa unatoka na kurudi kirahisi. Safari hii ulitoka polepole kisha ukakataa kurudi, kwa sababu kilo 150 zilizo mwishoni kabisa mwa bodi zikishaanza kuzunguka hazisimamishiki upesi. Mifuko ikashushwa siku hiyohiyo.

Nakaza hapa kwa sababu namba ya mizani inadanganya. Asilimia 48.5 ndiyo kubwa kuliko zote tulizopata katika mradi huu, na ndiyo iliyolifanya gari kuwa la hatari.

15 Novemba: Fremu juu ya ekseli

Tulitengeneza fremu ya mbao za inchi mbili kwa nne, yenye umbo la H, inayokaa katikati ya matao ya magurudumu. Miguu ya mbele ya fremu inafika kwenye ukuta wa kabini, ya nyuma inafika kwenye mlango wa bodi, kwa hiyo haina pa kwenda hata breki zikikanyagwa kwa nguvu. Mifuko inalala katikati, kitovu chake kikiwa kama sentimita 20 mbele ya ekseli. Fremu yenyewe ni kilo 20.

Mizani: mbele 930, nyuma 800, jumla 1,730. Nyuma ni asilimia 46, na mbele haikupoteza kitu, imeongeza kidogo. Uwanjani usukani ulirudi, na mkia ukitoka unaurudisha bila kuhangaika. Hapa ndipo farumi inapokaa.

Juu ya fremu kuna mikanda miwili ya kubana mzigo, imeshikwa kwenye ndoano za kiwandani zilizo sakafuni mwa bodi. Mikanda si pambo. Mfuko wa kilo 25 ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari likagonga na kusimama ndani ya mita 0.7, mfuko huo unasukuma mbele kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 350. Kioo cha nyuma cha kabini hakiwezi kuuzuia. Kwa sababu hiyohiyo nilikataa matofali ya zege na vipande vya chuma. Mchanga angalau unabonyea. Pipa la maji nalo lilikataliwa: likiwa nusu linayumba, na maji yakiganda yanatanuka karibu asilimia 9 na kulipasua. Kuna wanaoacha theluji ijae bodini iwe ndiyo farumi. Uzito wake haujulikani, na wala haufungiki.

Kasoro moja ilijitokeza baada ya safari ya kwanza. Mchanga ulijipanga ndani ya mifuko, mikanda ikalegea kiasi cha kupitisha ngumi. Ikakazwa upya, na baada ya safari mbili tatu ikatulia. Usiiamini mikanda ya siku ya kwanza.

Gharama: mbao zilikuwa mabaki, mikanda tulikuwa nayo, mifuko ndiyo ilinunuliwa. Useremala ulikula nusu siku. Katika mradi wote hakuna hatua iliyokuwa nafuu kuliko hii.

23 Novemba: Taa zimepanda

Magari yanayokuja mbele yalianza kunimulikia. Nyuma ya gari ilikuwa imeshuka milimita 35, mbele iko palepale. Gawanya 35 kwa 3,000: gari limeinua pua kwa asilimia 1.2. Taa za chini kwa kawaida huelekezwa zishuke kwa asilimia 1 hadi 1.3, yaani sentimita 10 hadi 13 kwa kila mita 10. Farumi ilikuwa imefuta mshuko wote huo. Mwanga ulikwenda bapa machoni pa wenzetu, na theluji ikianguka, kwa dereva ulirudi kama ukuta mweupe.

Kurekebisha: gari na farumi yake, tairi zenye upepo sahihi, mtu mmoja amekaa kwenye kiti cha dereva, sakafu bapa, ukuta mita 10 mbele. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, weka alama ukutani, kisha shusha mstari wa mwanga sentimita 10 chini ya alama. Skrubu moja ya kurekebishia ilikuwa imeshikwa na kutu na kichwa chake cha plastiki kikakatika. Taa ya kulia ilibidi ivuliwe, skrubu ikazungushwa kutoka nyuma kwa koleo.

Upepo wa tairi nao uliangaliwa hapo. Tulikuwa tumejaza ndani, kwenye joto la nyuzi 20. Nje kulikuwa na nyuzi −15, na kila nyuzi 6 zinazoshuka zinaondoka na karibu psi 1 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi). Tairi zote zilikuwa zimepungua psi 5 hadi 6. Jaza gari likiwa limepoa huko nje litakakotembea, kwa kiwango cha kibandiko cha mlangoni.

30 Novemba: Breki za nyuma hazifanyi kazi yao

Hii ndiyo hatua iliyonitia hofu kuliko zote. Baada ya farumi, gari likifunga breki lilikuwa linainamisha pua sana na kusimama mbali. Uzito ukiongezeka nyuma, breki za nyuma zilipaswa kubeba sehemu kubwa zaidi ya kazi. Kwenye mashine ya kupimia breki nguvu ya nyuma ilionekana ndogo pande zote mbili, na ya kushoto ilikuwa nusu ya ya kulia. Hizo zilikuwa hitilafu mbili tofauti, na zikichanganywa zinapoteza muda.

Upande wa kushoto ulikuwa rahisi: adjasta ya ndani ya dramu, inayoziweka brekishuu karibu na dramu, ilikuwa imeganda kwa kutu, brekishuu zinasafiri mbali kabla ya kugusa. Ikafunguliwa, ikasuguliwa, ikapakwa grisi ya joto kali kidogo tu kwenye nyuzi za skrubu yake, ikarekebishwa hadi gurudumu likasugua kidogo kisha likaachiwa. Nguvu za kushoto na kulia zikalingana, ila zote mbili bado ndogo.

Tulijaribu kutoa hewa kwenye mfumo na kubadilisha mafuta ya breki. Mafuta ya zamani yalikuwa ya kahawia na yalistahili kutoka, kwa kuwa mafuta ya breki hunywa unyevu. Lakini nguvu ya nyuma haikubadilika hata kidogo.

Kilichobaki ni vali ya kugawa nguvu ya breki kulingana na mzigo. Pikapu nyingi za zamani zinayo. Imefungwa kwenye chasisi, na mkono wake umeunganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo au springi. Bodi ikishuka kwa mzigo, mkono unasogea na vali inaruhusu nguvu zaidi kwenda nyuma. Bodi ikiwa tupu, inabana, ili magurudumu mepesi yasifungike na kuteleza.

Nililala chini ya gari na tochi. Springi ya fimbo ilikuwa imekunjika upande, ikivutana na mkono usiosogea. Pini ya mkono ilikuwa donge moja la kutu na chumvi ya barabarani, na juu ya pini kulikuwa na alama inayong'aa, nyembamba kama uzi, mahali mkono ulipojaribu kuzunguka ukashindwa. Vali ilikuwa imegandia kwenye hali ya "gari tupu". Kwa muda wote gari lilipotembea tupu hakuna aliyegundua, kwa sababu hali hiyo ndiyo iliyolifaa. Farumi ndiyo iliyoifichua.

Oili ya kulegeza kutu ilipakwa jioni, asubuhi, na jioni tena. Kugonga kwa nyundo tulikataa, maana mwili wa vali ni aloi na unapasuka. Mkono ulipoanza kuchezacheza tuliusogeza mbele na nyuma hadi ukawa huru, bushi iliyolika ikabadilishwa, na urefu wa springi ukawekwa kwa kipimo cha kitabu cha gari, kwenye uzito wa ekseli kilioutaja. Mashine ya breki ikaonyesha nguvu ya nyuma imepanda.

Wapo wanaoiondoa vali hii na kuunganisha paipu moja kwa moja. Tafadhali usifanye hivyo. Siku utakayotoa farumi, magurudumu ya nyuma yatafungika kabla ya mbele, na gari linalofungika nyuma linageuka.

Gharama: bushi ndogo, mafuta ya breki, na subira ya kungoja kutu ilegee. Muda ndio uliokuwa mkubwa.

9 Desemba: Mchanga umekuwa jiwe

Tulikuwa tumepanga mchanga utumike pia chini ya tairi gari likikwama. Gari likakwama, nikafungua mfuko, sepetu ikalia kama imegonga mwamba. Mchanga ulikuwa na unyevu tangu siku ulipojazwa, na mifuko miwili ilikuwa imechanika kwa kusuguana na sakafu, ikanywa maji ya theluji iliyoyeyuka. Ilikuwa imeshikamana na bodi. Tuliipata kwa nyenzo.

Kuchanganya chumvi kungeuzuia mchanga kuganda, lakini chumvi ikivuja kwenye bodi la chuma kuukuu, utakachookoa ni kidogo kuliko utakachopoteza. Tulifanya hivi: mchanga ukatandazwa ndani juu ya turubai hadi ukakauka kabisa, ukijaribu kuufinya unamwagika vidoleni. Ukarudishwa kwenye mifuko ya plastiki nene iliyofungwa mara mbili, na kila mmoja ukavikwa gunia la nje la kuzuia kuchanika. Chini ya fremu tukaweka mbao nyembamba ili maji yapite. Mchanga wa kutupia chini ya tairi sasa uko kabini, kwenye ndoo yenye kifuniko. Farumi haiguswi, maana ukiimwaga ili ujinasue, umeondoka na gari jepesi kuliko ulivyokuja.

18 Desemba: Nyuzi −17, injini haiwaki

Stata ilizungusha injini kwa uchovu, ikasita, ikaacha. Tulikuwa tumeshajaribu betri mpya yenye uwezo mkubwa zaidi. Ilisaidia asubuhi chache, baridi ilipozidi tukarudi palepale.

Fundi mzee aliyekuwa akinisaidia hakugusa hata spana. "Kijana wangu, ile betri ya kwanza ilikuwa na kosa gani? Lete mita tupime waya."

"Mzee, waya zote nimezikaza."

"Kukaza si kupima."

Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.5, nzuri. Stata ikizungusha, kwenye vichwa vya betri kulibaki volti 10.6, nzuri pia. Ikishuka chini ya 9.6 ndipo unaishuku betri. Kisha akaweka ncha moja kwenye kichwa cha negativu na nyingine kwenye chuma cha injini, nikazungusha stata. Volti 1.3. Hapo pasingepaswa kupotea zaidi ya 0.2 hivi. Upande wa chanya, kutoka betri hadi stata, zilipotea 0.3 tu. Kwa hiyo umeme ulikuwa unafika, njia ya kurudi ndiyo iliyoziba.

Waya wa kusuka unaounganisha injini na bodi ulionekana mzima kwa nje. Tulipouchana karibu na tamina, nyuzi za shaba zilikuwa zimegeuka unga wa kijani, zimebaki chache zinazong'aa katikati. Waya mpya, sehemu za kufungia zikasuguliwa hadi chuma kikaonekana, zikapakwa grisi juu baada ya kukazwa. Stata ikazungusha kwa nguvu ambayo sijawahi kuisikia kwenye gari hili. Betri ya zamani ikarudishwa, na hadi leo ndiyo inayofanya kazi.

Injini sasa ilizunguka vizuri, ikatoa moshi mweupe, isiwake. Moshi mweupe wakati wa kuwasha dizeli baridi ni mafuta yasiyoungua: joto halitoshi. Tukavua waya wa hita plagi, zile plagi zinazopasha moto silinda kabla ya kuwasha, na kupima kila moja kati ya kichwa chake na injini. Mbili zilisoma kama omu 1, nzima. Mbili hazikusoma chochote, nyuzi za ndani zimekatika. Siku zisizo na baridi kali, mbili zilitosha kuiwasha injini, kwa hiyo ugonjwa ulikuwa umejificha.

Kuzitoa ndiko kunakohitaji moyo. Hita plagi iliyokatikia ndani inaweza kulazimisha kichwa cha silinda kishushwe. Tuliwasha injini kwa kuisaidia na kipasha hewa cha nje kikielekezwa kwenye mlango wa hewa, tukaiacha ipate moto, tukazima, tukamwagia oili ya kulegeza kutu, kisha spana fupi, kulegeza robo, kurudisha, kulegeza tena. Ya tatu iligoma. Fundi akaiacha ilale usiku mzima na oili, kesho yake ikatoka ikilia. Zote nne zikabadilishwa kwa pamoja. Ukiacha mbili za zamani, kazi hii utairudia.

Kaeni mbali na dawa ya kupuliza yenye etha kwenye injini yenye hita plagi. Ikikutana na plagi nyekundu inalipuka kwenye njia ya hewa.

Pamoja na hayo, oili ya 15W-40 ilitolewa ikawekwa 5W-40 (namba iliyo kabla ya W ndiyo inayohusu baridi), maji yakatolewa chini ya chujio la dizeli, na tangi likajazwa dizeli ya msimu wa baridi, maana ya kiangazi huacha nta inayoziba chujio.

Gharama: waya mmoja, hita plagi nne, oili, na betri mpya isiyohitajika iliyobaki kabatini. Hiyo betri ndiyo ghali kuliko vyote.

4 Januari: Hita ya kabini ni vuguvugu

Vioo viliganda ukungu kwa ndani. Mshale wa joto ulipanda kidogo mjini na kushuka kwenye barabara kuu. Paipu ya juu ya rejeta ilianza kupata moto dakika chache tu baada ya kuwasha, ilhali ilipaswa kubaki baridi mpaka injini ifike joto lake. Dalili zote hizo zinaelekeza kwa themostati iliyobaki wazi, yaani vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto.

Ilipotolewa ilikuwa wazi ikiwa baridi mkononi. Kipande cha kutu chenye ukubwa wa kucha kilikuwa kimenasa chini ya kizibo chake. Imeandikwa 82. Tuliitia mpya kwenye sufuria ya maji na kipimajoto kabla ya kuifunga: ilianza kufunguka karibu na nyuzi 82, jambo linalochukua dakika chache kuthibitisha kuliko kumwaga maji ya rejeta mara mbili.

Kile kipande cha kutu kilisema kuna vingine. Mfumo ukasafishwa kwa maji hadi yakatoka meupe, na rejeta ndogo ya hita ikasukumwa maji kinyumenyume. Maji ya zamani ya rejeta yalipimwa: yangeganda kwenye nyuzi −12. Tukajaza nusu maji nusu glikoli, dawa ya kuzuia kuganda, mchanganyiko ambao hufika karibu −37. Kuongeza glikoli zaidi na zaidi hakuleti kinga zaidi bila mwisho. Glikoli tupu huganda karibu na −13.

Hita ikawa moto, kisha baridi, kisha moto. Hewa. Tulipandisha magurudumu ya mbele juu ya mbao ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko vyote, kifuniko wazi injini ikiwa baridi, hita kwenye moto wa juu, tukawasha na kuongeza maji mapovu yanapotoka. Farumi, kwa kuinua pua, ilisaidia kidogo.

Matumizi ya dizeli yalishuka kutoka lita 11 hadi 10 kwa kilomita 100, farumi ikiwa bado ndani. Injini iliyokuwa inatembea baridi ilikuwa inakula kuliko mzigo.

19 Januari: Breki ya mkono na mtetemo

Usiku baada ya safari yenye matope ya theluji, breki ya mkono ilivutwa. Asubuhi magurudumu ya nyuma hayakuzunguka, brekishuu zimegandia dramu. Usilivute gari kwa nguvu, kitambaa cha brekishuu kitabanduka. Tuligonga dramu taratibu kwa nyundo ya mpira hadi zikaachia. Tangu hapo gari linaegeshwa kwenye gia na kabari mbili, na kabla ya kufika nakanyaga breki mara kadhaa kwa wepesi ili dramu zikauke.

Mtetemo wa chini wakati wa kuondoka, ulioanza baada ya farumi, ulitoka kwenye msalaba (kiungo kinachopinda) wa nyuma wa propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu kutoka gia hadi ekseli ya nyuma. Farumi imebadilisha pembe ya shafti, na msalaba uliolika haukuvumilia. Umebadilishwa, mtetemo umepungua. Haujaisha, naishuku senta beringi, beringi inayoushika mhimili huo katikati.

20 Machi: Kushusha farumi

Theluji imekwisha. Mifuko na fremu vimetoka, taa zimerudishwa ukutani na kupimwa upya, upepo umerudishwa kwenye kiwango cha gari tupu. Mkono wa vali ya breki ulitazamwa bodi ikipanda: ulisogea wenyewe hadi kwenye alama ya gari tupu. Mizani ilisoma mbele 920, nyuma 640.

Chini ya mbao za fremu, upande wa kushoto, rangi imevimba na nikiibonyeza kwa bisibisi inatoboka tundu la ukubwa wa punje ya mtama. Maji yalikuwa yanasimama hapo kwa sababu tundu la kutolea maji la sakafu lilizibwa na mguu wa fremu. Mguu huo utakatwa sentimita tano, sakafu ikwanguliwe, ipakwe rangi ya kuzuia kutu, na senta beringi ifunguliwe kabla ya Oktoba.